Zimwi Linalokua na Mtoto

Hotuba kwa vijana wanaoandika michezo ya televisheni, Dar es Salaam

Assalaam alaykum. Bwana asifiwe. Itifaki imezingatiwa, wazee wangu, walimu, wazazi mliowasindikiza vijana, nanyi vijana ambao shughuli hii ni yenu.

Nimeombwa nizungumzie tamthilia za ajabu zinazotengenezwa kwa ajili ya vijana, zile zenye mizimu, wanyonya damu na milango ya kuzimu. Pale nje mzazi mmoja ameniuliza, kwa adabu kabisa, kwa nini tuwajaze watoto ushirikina wakati mtaani umejaa tele. Swali lake ni la haki na nitalijibu, ila si kwa haraka. Nataka kwanza tupite pamoja katika tamthilia moja, tangu mwanzo hadi mwisho, misimu yake yote 7, kwa sababu naamini kwa dhati kwamba hiyo ndiyo inayoonyesha vizuri kuliko nyingine jinsi hofu inavyoweza kumkomaza kijana badala ya kumdumaza.

Tamthilia hiyo ni Buffy the Vampire Slayer. Ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 10 Machi 1997 katika kituo cha The WB, mwaka 2001 ikahamia UPN, na ikamalizika tarehe 20 Mei 2003 ikiwa na vipindi 144. Wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa. Ninyi mnazijua zilizokuja baadaye, The Vampire Diaries na Stranger Things, mnazojaziwa kwenye flashi pale Kariakoo msimu mzima kwa mkupuo. Mtazameni Buffy, mtaona hizo zote zinapita njia aliyoifyeka yeye.

Kisa chenyewe ni chepesi kukisimulia. Katika kila kizazi anateuliwa msichana mmoja kupambana na wanyonya damu na mashetani. Safari hii Mteule ni Buffy Summers, ana miaka 16, wazazi wake wameachana, na mama amehamia naye Sunnydale, mji mdogo wa California. Anayepewa kazi ya kumfunza ni mkutubi wa shule, Mwingereza mmoja aitwaye Giles, mtu wa vitabu na chai. Na lango la kuzimu, ndugu zangu, liko chini ya maktaba hiyo hiyo ya shule. Maarifa na hatari vimewekwa jengo moja. Mimi naona hapo pana busara kubwa.

Tazameni kipindi cha kwanza kinavyofunguka. Ni usiku, shule haina mtu. Mvulana anavunja dirisha na kumwingiza msichana ndani. Msichana ana nywele za dhahabu, amevaa sare, anatetemeka. Anasema amesikia kitu. Mvulana anamwambia hakuna mtu. Una hakika? Nina hakika. Msichana anageuka, sura imebadilika, meno yamemtoka, na anayeliwa ni mvulana. Kwa miaka mingi filamu za kutisha zilimfanya msichana wa sura ile kuwa wa kwanza kufa uchochoroni. Joss Whedon, aliyebuni tamthilia hii, alitaka kumwona msichana yuleyule akiingia uchochoroni na zimwi ndilo likajuta. Hapajatolewa maelezo, hapajasomwa utangulizi wowote, lakini mtazamaji keshaelewa kwamba alichozoea hakitamsaidia humu.

Msimu wa kwanza ni mfupi, vipindi 12 tu. Iliyofuata yote ina 22. Na karibu kila zimwi la msimu huo limechongwa kutokana na maisha ya mwanafunzi. Kuna binti ambaye wenzake hawamwoni, walimu hawamwoni akinyoosha mkono, hadi siku moja anatazama mkono wake mwenyewe na kukuta hauonekani tena. Anageuka kivuli cha kulipiza kisasi. Kuna mama aliyekuwa nyota enzi zake shuleni, ambaye kwa uchawi anauchukua mwili wa bintiye ili aishi ujana mara ya pili. Wazazi mnaocheka hapo nyuma, mnawajua wenzenu wa namna hiyo. Mtoto anataka kuchora, baba anataka awe daktari kwa sababu yeye mwenyewe alikosa.

Halafu msimu unafika ukingoni, na Buffy anawasikia wakubwa wakisoma utabiri kwamba kesho atakufa. Hakunji ngumi. Anavua msalaba shingoni, anawaambia yeye ana miaka 16 na hataki kufa. Sauti inamkatika. Nimewaonyesha vijana wengi kipande hicho na sijaona anayetazama simu kikipita.

Sasa niwaulize: mnamkumbuka Nunda? Ni kisa cha Sultani Majnuni, kilichosimuliwa Unguja na kuchapwa na Edward Steere mwaka 1870. Sultani ana paka. Paka anakula kuku, watu wanalalamika, Sultani anawafukuza: paka wake, mali yake. Paka anahamia kwenye mbuzi, kwenye ndama, akaingia mwituni akawa anakula watu, hadi siku anapowaua watoto wa Sultani mwenyewe. Ndipo mtoto wa mwisho anapotoka kumsaka. Anaua mbwa, anamburuta mpaka kwao, anamwimbia mama yake kwamba amemuua Nunda mla watu. Mama anamjibu, siye, mwanangu. Anarudi porini, anakuja na fungo. Siye. Ngawa. Siye. Punda milia, twiga, kifaru, tembo, na kila mara mama anamwambia siye, na kila mara anamsihi abaki nyumbani, naye hakubali.

Huo ndio mfumo wa misimu, na bibi zetu walikuwa nao kabla televisheni haijaota ndoto ya kuzaliwa. Mnyama anaongezeka, na mwindaji anaongezeka. Mtoto aliyemuua mbwa asingemweza tembo. Aliyemuua tembo amekuwa mtu mwingine. Na tazameni jambo la pili: aliyemlea Nunda ni mkubwa wa nchi, aliyeambiwa mapema akakataa kusikia. Wanaolipa ni watoto. Ukizichimba tamthilia zote za vijana duniani zenye mashetani ndani yake, utakuta chini kabisa mkubwa mmoja aliyeambiwa akakataa kusikia.

Kwa hiyo hoja yangu leo ni moja. Zimwi la msimu lazima litoke katika umri wa mtoto anayepambana nalo. Likitoka mahali pengine, litarusha moto na kuvunja majengo, wala halitamtisha mtu.

Msimu wa pili unalithibitisha hilo kwa ukatili. Buffy anampenda Angel, mnyonya damu aliyerudishiwa roho kwa laana ya kumtesa kwa majuto ya dhambi zake. Laana ina sharti: akipata raha kamili, roho inampotea. Usiku wa siku ya kuzaliwa ya Buffy, anapotimiza miaka 17, wanalala pamoja, na asubuhi Angel si yule. Anamdhihaki, anamcheka, anamwambia haikuwa kitu. Kuna binti gani asiyelijua zimwi hilo, au asiyeonywa juu yake na mama na shangazi?

Sisi husema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Msimu huu unasimama mbele ya methali hiyo na kuibishia. Angel anaua kwa kujua. Anajua Buffy analalia upande gani, basi anamchora akiwa usingizini na kumwachia picha juu ya mto. Anajua Willow, rafiki wa Buffy, anafuga samaki, basi anawatunga kwenye uzi na kuwatia ndani ya bahasha. Anamuua mwalimu ambaye Giles anampenda, anamlaza kitandani kwa Giles, anatandaza mawaridi kwenye ngazi na kuwasha muziki, ili mzee wa watu apande akitabasamu akidhani anasubiriwa. Mimi katika utisho wa televisheni sijaona kingine kinachofikia ngazi zile.

Na ipo kanuni inayoshikilia yote hayo: mnyonya damu haingii nyumbani mpaka akaribishwe. Akikaribishwa mara moja, basi. Sisi watu wa pwani tuliofundishwa kupiga hodi na kujibu karibu kabla hata ya kujua nani yuko mlangoni, tungeweza kuandika misimu mitatu juu ya kanuni hiyo peke yake. Angel alikwisha kukaribishwa na Buffy mwenyewe, na Willow pia. Ikabidi wafanye kisomo cha kulitangua lile karibu, nyumba kwa nyumba. Kila uchawi mtakaoandika uwe na sharti, na sharti likishawekwa msilivunje kwa sababu kipindi kimewakwama. Mtazamaji wa miaka 14 anasamehe jini la bei rahisi. Hasamehi mwandishi aliyebadilisha sheria katikati ya mchezo.

Msimu wa tatu ndio ninaoupenda kuliko yote. Adui ni Meya wa mji, mtu mchangamfu, anakunywa maziwa, anachukia matusi na vijidudu, anamlea muuaji wake kama baba mwema. Anapanga kugeuka joka siku ya mahafali na kuwala wahitimu. Lakini nataka nisimame kwenye kipindi kimoja cha msimu huo, kwa sababu ndimo lilimo jibu la mzazi wangu.

Watoto wawili wadogo wanakutwa wamekufa kwenye uwanja wa michezo, mikononi wamechorwa alama. Mama yake Buffy ndiye aliyewaona, na uchungu wake ni wa kweli. Anawakusanya wazazi. Wanaunda kikundi. Kabati za wanafunzi zinapekuliwa, vitabu vya Giles vinachukuliwa maktabani. Kisha wazazi wale, kwa mapenzi yao yote, wanawafunga mabinti zao wenyewe kwenye nguzo, wanavirundika vile vitabu miguuni pao na kuwasha moto. Na watoto wawili waliokufa? Hawakuwahi kuwa watoto. Walikuwa shetani mmoja, mla vurugu, anayehama mji hadi mji akiwaonyesha watu maiti na kuwaachia wafanye yaliyobaki.

Mzazi wangu, nchi yetu imeuona kwa macho yake ukweli wa kipindi hicho. Kule Usukumani vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa sababu macho yao ni mekundu, macho yaliyokaushwa na moshi wa kuni walizopikia wajukuu. Ndugu zetu wenye ualbino wamekatwa viungo wakiwa hai, na wengine ni watoto walioviziwa njiani wakienda shule. Hayo hayakuletwa na televisheni. Yaliletwa na hofu ambayo hakuna aliyeipa sura, ikaenda kujitafutia sura kwa jirani. Ndiyo maana nasema hadithi ya ajabu iliyoandikwa kwa uangalifu inampa mtoto mahali pa kuiweka hofu yake pasipo jirani ndani yake. Na iliyoandikwa kwa uzembe ni hatari, nakubaliana nawe kabisa. Vijana, sikilizeni: yeyote kati yenu atakayeandika mchawi bibi kizee mwenye macho mekundu kwa sababu ndiyo picha rahisi iliyomjia, amechukua kalamu akaungana na wale wenye mapanga. Sitalipunguza neno hilo.

Mnakumbuka pia habari za Popobawa, lile zimwi lililosemwa kuwavamia watu usiku vitandani. Alivuma Pemba mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, na mwaka 2007 uvumi ukafika hadi hapa Dar es Salaam. Watu walitoka vyumbani wakalala nje kwa makundi, wamewasha moto, jirani ubavuni mwa jirani. Na sharti lililokuwa likisemwa ni kwamba aliyetembelewa akinyamaza, atarudiwa, sharti aseme. Hebu lifikirieni sharti hilo mkiwa waandishi. Ni watoto wangapi mtaani kwenu wangepona kama kila aliyetendewa ubaya usiku angeamini kwamba ni lazima aseme asubuhi?

Nirudi Sunnydale. Siku ya sherehe ya kuaga, wanafunzi wa Sunnydale wanampa Buffy mwavuli. Kwa miaka 3 hawakusema lolote, lakini walikuwa wanaona, na kijana mmoja anasoma kwenye karatasi kwamba darasa lao ndilo lenye vifo vichache kuliko darasa lolote katika historia ya shule. Kwenye mwavuli wameandika kwamba yeye ni mlinzi wa darasa. Basi, mwavuli tu. Baadaye, siku ya mahafali, Meya anapogeuka joka, wahitimu wote wanafunua majoho na chini yake wamebeba silaha.

Hapa niseme na jambo la dunia halisi. Msimu huo ukiendelea, tarehe 20 Aprili 1999, wanafunzi wawili walifanya mauaji katika shule ya Columbine, jimbo la Colorado. Kilikuwepo kipindi kilichokwisha kurekodiwa, "Earshot", kilichoandikwa na Jane Espenson, ambamo Buffy anasikia mawazo ya watu na anamkuta kijana juu ya mnara wa shule na bunduki. Kituo kikakiweka kando hadi Septemba. Sehemu ya pili ya mahafali nayo ikasogezwa hadi Julai. Na cha ajabu, ndani ya kipindi hicho kijana wa mnarani hakupanda kuwaua wenzake, amepanda kujiua. Buffy anakaa naye na kumwambia kwamba wote waliomo pale chini, wazuri na maarufu, wana maumivu yao, ila kelele za maumivu yao wenyewe zinawazuia kusikia ya kwake. Naelewa kwa nini kiliahirishwa. Bado naamini kilikuwa na dawa ndani yake.

Msimu wa nne nitaupita haraka. Wamefika chuo kikuu, adui ni kikosi cha siri cha jeshi na kiumbe kilichoungwa kwa vipande vya vyuma na nyama, na kiumbe hicho hakitishi kwa sababu hakitoki katika umri wa mtu yeyote. Lakini humo kuna kipindi cha tarehe 14 Desemba 1999, "Hush", na kwa ajili ya hicho nausamehe msimu mzima.

Wanaingia mjini Mabwana. Vipara, wamevaa suti nyeusi, nyuso za mifupa, tabasamu la chuma, hawagusi ardhi. Wana adabu, wanapisha njia, wanapongezana kwa makofi madogo. Wameiba sauti za mji mzima na kuzifungia ndani ya kisanduku, ili usiku wakija kung'oa mioyo ya watu, mtu asiweze kupiga kelele. Sehemu kubwa ya kipindi haina maneno kabisa. Kuna kijana amekandamizwa kitandani, macho yametoka, kinywa kimefunguka hadi mwisho, na hakitoki kitu. Riley, kijana anayempenda Buffy, anakivunja kisanduku, sauti ya Buffy inarudi, na ukelele wake ndio unaowaua. Kisha, mwisho kabisa, Buffy na Riley wanakaa wazungumze, sauti wanazo sasa, na hakuna anayepata la kusema.

Vijana wenzangu, fikirieni kidato cha kwanza chetu. Mtoto amesoma shule ya msingi yote kwa Kiswahili. Alikuwa hodari, mkono juu kila swali, mwalimu akimwambia wewe tulia tusikie wengine. Januari anaingia sekondari, baiolojia kwa Kiingereza, jiografia kwa Kiingereza, historia kwa Kiingereza. Anakaa dawati la tatu kutoka dirishani. Jibu analo. Limejaa kifuani, kinywa kimefunguka, na hakitoki kitu. Wenzake wamezoea kumwona bubu, na kufika Juni naye ameanza kuamini kwamba hana akili. Mabwana wamefika Mbagala, jamani. Wamevaa vizuri na wana adabu, na kisanduku wanacho. Mnataka zimwi gani tena la kuazima?

Msimu wa tano. Tarehe 27 Februari 2001 kilionyeshwa kipindi kiitwacho "The Body". Mama yake Buffy alikuwa amefanyiwa upasuaji wa kichwa na amepona, au tulidhani. Buffy anaingia nyumbani mchana, anaona maua mezani yaliyoletwa na bwana anayemposa mama, anaita kwa furaha. Mama yuko kwenye kochi, macho wazi. Anamwita Mama, anamwita tena kwa jina alilomwitia akiwa mtoto mdogo. Hakuna muziki katika kipindi kizima, hata wa chinichini. Tunasikia kengele za upepo na watoto wanacheza nje. Buffy anatapika kwenye zulia, anachukua karatasi ya jikoni, anaiweka juu yake, na kamera inatulia pale tukiangalia unyevu ukipanda taratibu.

Hakuna shetani aliyemuua. Ni mshipa wa damu uliopasuka kichwani. Binti aliyeyashinda mashetani yote amefika kwenye jambo ambalo ngumi haiwezi, na waandishi hawakumwonea haya wala kumwonea huruma. Whedon mwenyewe alikuwa amempoteza mama yake kwa ugonjwa wa namna hiyo. Kuna mhusika, Anya, aliyeishi miaka elfu akiwa pepo na sasa amekuwa binadamu juzi tu. Anauliza maswali ya kipuuzi hadi wenzake wanakasirika, ndipo analia kwamba haelewi, haelewi kwa nini mama wa watu hatakunywa tena juisi, hatachana tena nywele, na hakuna anayetaka kumweleza. Sisi huku kwetu msiba una turubai, una majamvi, una masufuria na mashemeji wanaogombania orodha ya michango, na mtoto anapitishwa katikati ya watu akiambiwa jikaze. Nani anakaa naye chini akamweleza? Anya anauliza badala yake. Ikiwa mtaniuliza ni kipindi gani kimoja cha kumwonyesha mtu asemaye kwamba tamthilia za mashetani ni upuuzi, ni hicho.

Mwisho wa msimu Buffy anakufa kwa ajili ya mdogo wake. Msimu wa sita wenzake wanamfufua, wakidhani wamemtoa motoni, kumbe alikuwa ametulia. Anarudi kwenye bomba lililopasuka, bili, benki inayomnyima mkopo, na kazi ya kuuza baga. Maadui ni vijana watatu waliosoma shule moja naye, na anayeleta maafa makubwa zaidi hatumii uchawi, anatumia bastola. Willow, rafiki mpole wa tangu msimu wa kwanza, anampoteza ampendaye na huzuni inamgeuza yeye kuwa zimwi. Anayemzuia asiiangamize dunia ni Xander, fundi seremala, mtu asiye na uwezo wowote wa ajabu, anayesimama mbele yake na kumwambia kwamba anampenda tangu chekechea, anachaniwa uso, anasimama tena, anarudia maneno yale yale. Wazazi, msimu huo ni wa watu wazima. Una tukio la jaribio la ubakaji na lina uzito mkubwa. Misimu mitatu ya mwanzo ningetazama na mtoto wa miaka 13 akiwa kando yangu. Wa sita ningengoja.

Na siwezi kumtaja Whedon mara nyingi hivi nikanyamazia hili. Februari 2021 Charisma Carpenter, aliyeigiza kama Cordelia, mwanafunzi mwenzake Buffy, alimtuhumu hadharani kwamba aliyatumia vibaya madaraka yake kazini na kumnyanyasa, wakati wa ujauzito wake pia, na waigizaji wenzake kadhaa wakasimama upande wake. Kazi iliyowapa wasichana nguvu kwenye kioo, nyuma ya kamera wapo walioumia. Mnaokwenda kuunda vikundi vyenu Sinza, Tabata na Kigamboni, anzeni na hilo. Na jueni kwamba chumba cha waandishi kilijaa watu: Marti Noxon, Jane Espenson, David Fury na wengine. Misimu 7 haiandikwi na mtu mmoja.

Msimu wa saba una upungufu mwingi, wasichana wengi mno na hotuba nyingi mno, lakini mwisho wake ni mkubwa. Buffy anaikataa ile kanuni ya tangu kipindi cha kwanza, ya mmoja katika kila kizazi. Kwa uganga wa Willow nguvu zinagawiwa kwa kila msichana duniani anayestahili kuwa nazo. Tunaona binti akisubiri mpira wa besiboli, uoga unamtoka usoni. Tunaona mwingine akiudaka mkono wa mtu aliyetaka kumpiga.

Lakini msimu huo huo unatuambia kanuni ile ilitoka wapi, na hapo ndipo mimi, Mtanzania, sikubali kupita. Mteule wa kwanza ni msichana wa Kiafrika. Tumemwona tangu msimu wa nne, ndotoni, jangwani, amepakwa udongo usoni. Hana jina. Mwanzoni hazungumzi, mwingine, mzungu, anamsemea. Msimu wa saba tunaambiwa wazee watatu wa Kiafrika walimfunga minyororo msichana yule na kumtia nguvu za shetani kwa lazima, na ukoo wote wa Wateule ukaanzia hapo. Basi, hadithi inaondoka. Mteule mwingine mweusi, Kendra, aliletwa msimu wa pili na akauawa msimu huo huo. Naipenda tamthilia hii, mmenisikia. Ila chanzo cha yote ni binti wa Kiafrika, na katika vipindi 144 hakupewa hata jina.

Sidai waliotengeneza Sunnydale walipaswa kutuandikia yetu. Nadai sisi tuiandike. Misimu tunayo tayari, serikali imekwisha kutupangia: kidato cha kwanza hadi cha nne, misimu minne, na mtihani wa taifa wa kidato cha pili katikati kama kigingi. Kidato cha kwanza, mwizi wa sauti. Kidato cha tatu kuna wale wanaoacha shule mmoja mmoja na daftari la mahudhurio linaendelea kuitwa kama vile hawakuwahi kuwepo. Anayewala ni nani? Sote tumesikia habari za mwanamke mrembo anayesimamisha gari usiku, ukitazama chini unakuta kwato. Tunao mumiani. Tunao mibuyu ambayo watu hawaipiti magharibi bila kusema kitu. Msiwachukue wakiwa wazima kama walivyo. Muulize kila mmoja: wewe unatoka katika hofu gani ya mtoto gani, wa umri gani, wa mtaa upi? Asiyejibu, mwacheni aende zake.

Nimewaomba waandaaji jambo moja na wamekubali. Kila kijana aliyekuja na kurasa za mchezo wake ataziacha kwenye meza ile ya kushoto, zitasomwa zote, na atarudishiwa zikiwa na maoni yaliyoandikwa kwa mkono. Ziwe kwa Kiswahili. Maswali sasa, na tutaanza na walio chini ya miaka 18. Wazazi na walimu, naomba mtuvumilie hadi wamalize wao.